Kibao cha Saba

Ujumbe ulitoka kwa Madamu, aliyekuwa bosi wangu wa kwanza, saa nne asubuhi: "Egide, Hamadi wetu amekufa. Wamemzika jana. Kilio iko kwake Nyamirambo." Nilisoma lile neno "wetu" mara tatu. Kwa miaka saba hakuwa wetu. Madamu ndiye aliyemwondoa kazini, mimi ndiye niliyempa sababu ya kumwondoa, na sasa baada ya kuzikwa amerudishwa kwetu kwa ujumbe wa simu. Lakini sina haki ya kumcheka Madamu, maana kabla sijahuzunika, mimi nilipumua. Nilipumua kama mtu aliyekuwa akisubiri mlango ugongwe, kisha akaambiwa mgongaji hatakuja tena. Huzuni ilikuja baadaye, nikiwa tayari nimeshaionea haya ile pumzi.

Mwaka ule niliofanya kazi naye nilikuwa na miaka ishirini na minne, nina shahada mpya, na nilikuwa nahoji kila kitu kinachopita mbele yangu. Nilihoji kwa nini padri anasoma tangazo la michango kwa sauti ile ile anayosomea Injili. Nilihoji kwa nini lazima tutoke umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wakati mtu angeweza kuajiriwa kufagia mfereji na kuufagia vizuri zaidi. Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya pili kule Kimironko, chumba kimoja kirefu chenye dirisha linaloangalia paa la soko. Chini yetu walikuwa mafundi cherehani, na mchana kutwa sakafu ilitetema kidogo kwa mashine zao, pamoja na harufu ya dagaa iliyopanda kutoka sokoni. Kwenye kona ya chumba ilikaa kompyuta kubwa ya kuchakata picha, ambayo feni yake ilivuma kama pampu ya maji. Mimi ndiye niliyekuwa bwana wa kompyuta ile. Nilirusha droni, nikaleta picha, nikazilisha kwenye programu, na ilipokataa mimi ndiye niliyeibembeleza.

Mzee Hamadi alikuwa mpimaji wetu. Alikuwa mtu wa Nyamirambo, wa familia za Waislamu wa zamani pale, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha sisi wote. Alivaa kofia ya kufuma na ile fulana ya njano ya kazini, aliyoifua mwenyewe kila Alhamisi. Picha za droni peke yake hazijui ziko wapi duniani. Zinajua tu kwamba bati hili liko kando ya mgomba ule. Ndiyo maana kabla ya kurusha tulikuwa tunalaza chini vibao vya mraba, vyeusi na vyeupe, na Mzee Hamadi alipita kimoja kimoja, anasimamisha fimbo yenye kipokezi juu yake katikati ya kibao, anasubiri, anaandika namba. Fimbo ile ilikuwa na kiputo kidogo cha hewa ndani ya kioo. Kiputo kikiwa katikati, fimbo imesimama wima. Mzee alikuwa anakiangalia kiputo kile namna mtu anavyomwangalia mtoto anayejifunza kutembea.

Mchana tulikula melanje kwenye mgahawa wa nyuma ya soko. Unajaza sahani wali, ndizi, viazi, maharage, isombe ya majani ya muhogo, tambi, mpaka mlima usimame, kisha mama wa mgahawa anakuwekea juu kipande kimoja cha nyama, kimoja tu. Mzee aliiacha nyama mpaka mwisho. Mimi niliila kwanza, huku naongea. "Mzee, kwa nini tunaamini hiki kipokezi? Kama satelaiti zinadanganya?" "Kwa nini mnaswali mara tano, si mara nne?" Wengine wangekasirika. Yeye alicheka, kijiko mkononi. "Bwana Kwa Nini," alikuwa ananiita hivyo, "kula kwanza. Maswali hayapoi, ndizi zinapoa." Nadhani alinipenda kwa ajili ya maswali yale. Aliwahi kumwambia Madamu mbele yangu, "Huyu usimkataze. Mtu anayeuliza hivi hawezi kukuletea ramani ya uongo."

Kazi iliyotutenganisha ilikuwa ramani ya mteremko mmoja chini ya Nyamirambo, ambako mteja alitaka kuchora mfereji mpya wa maji ya mvua. Tulikwenda Ijumaa mchana. Mzee alilaza vibao kumi na viwili na kuvipima vyote. Cha saba kilikuwa kando ya njia ya miguu, karibu na shamba dogo la migomba, ukingoni mwa mfereji wa zamani uliojaa majani. Nilirusha droni kwa jaribio wakati yeye anamalizia pale, lakini baada ya dakika chache upepo ulikuja na wingu zito, nikaishusha. Picha tano tu. Nikasema tutarudi kesho yake.

"Kesho ni umuganda," Mzee alisema. "Niviokote, mwanangu. Kesho nitavilaza upya na kuvipima."

Sasa, umuganda unaisha saa tano, na kabla ya hapo magari hayatembei. Nilikuwa nimepiga hesabu: tukifika saa tano na nusu na vibao viko tayari, nitarusha jua likiwa juu, vivuli vifupi, picha safi. Tukianza kulaza na kupima upya, tutamaliza alasiri, na alasiri wingu linarudi.

"Viache, Mzee. Nani ataiba mbao?"

"Sijasema wataiba. Watu wa hapa wakishika jembe hawaachi kitu mahali pake. Watafagia."

"Watafagia pembeni yake. Kwa nini waguse kitu kisicho chao?"

Aliniangalia, akaangalia kibao, akaangalia mfereji. "Wewe ndiye mkubwa wa kazi," alisema. Ilikuwa kweli. Kwenye karatasi nilikuwa mkubwa wake, mtu mwenye umri wa kunizaa.

Jumamosi tulirusha. Picha zikaja mia nne na zaidi, anga safi, mimi nafurahi. Mzee alikuwa upande wa juu wa mteremko siku hiyo, anashika redio na kuzuia watu wasisogelee mahali pa kutua, hakushuka chini. Jumatatu nikailisha programu. Ilivuma mchana kutwa, na ilipomaliza ikanipa jedwali: vibao kumi na kimoja makosa ya sentimita mbili, tatu, kibao cha saba, mita tatu na ushee, kwa rangi nyekundu. Nilizifungua picha za kibao cha saba moja moja. Kilikuwepo, kimekaa vizuri, kati ya njia na ukuta wa nyumba moja, na kimezungushiwa mawe madogo yaliyopakwa chokaa, kama yale wanayopanga watu kando ya bustani. Vibao vingine havikuwa na mawe. Niliyaona mawe yale. Nataka hili lieleweke: niliyaona, nikayakuza kwenye skrini mpaka yakawa miraba ya rangi, na mimi niliyehoji Injili na satelaiti sikuuliza mawe yale yametoka wapi. Tayari nilikuwa na jibu. Fimbo iliinama, mzee alichoka, namba si sahihi. Nilikiondoa kibao cha saba kwenye hesabu, na ramani ikakaa vizuri ajabu.

Nilipomwambia Mzee, hakubisha kwa sauti. Alitoa daftari lake, akanionyesha mstari. "Kiputo kilikuwa katikati. Twende tukaangalie, Bwana Kwa Nini. Nusu saa kwa moto." Moto ni pikipiki za abiria, kweli ilikuwa nusu saa. Nikamwambia hakuna nafasi, ramani inatakiwa Jumatano, na kibao kimoja hakina maana. Lakini mkataba wa mteja ulitaka kila kibao kilichoachwa kiandikiwe sababu. Kulikuwa na kisanduku kidogo. Niliandika: kosa la mpimaji uwanjani. Iliniondolea dakika moja ya kufikiri.

Madamu alisoma ripoti kabla ya kuituma. Nilimsikia akiongea kwa simu nyuma ya kile kiambaza cha mbao tulichokiita ofisi yake. "Ni macho, nakwambia. Muzehe anashika simu mbali hivi akisoma. Leo mita tatu, kesho itakuwa nini? Hapana, ni mtu mzuri sana, ni mtu mzuri." Mwisho wa mwezi mkataba wake haukuendelezwa. Siku hiyo tulikula melanje kama kawaida, kisha Mzee mwenyewe akachukua kile kipande chake cha nyama na kukiweka kwenye sahani yangu. "Kula, bado unakua," alisema. Nilikila. Bado nakumbuka kwamba kilikuwa na mfupa.

Wiki iliyofuata mteja alirudisha ramani. Juu ya shamba la migomba, karibu na kibao cha saba, kulikuwa na tundu: doa jeusi la ukubwa wa nyumba mbili. Migomba ndivyo ilivyo. Programu inatafuta kitu kile kile kwenye picha mbili, na jani la mgomba likipeperushwa, kwenye picha ya pili si lile tena. "Egide, hii karte iko na tundu," Madamu alisema. "Kliyanti akiniuliza hapa ni nini, nimwambie ni ziwa?" Nilijaribu kila kitu. Nilipunguza ukali wa picha, nikaongeza idadi ya alama za kufananisha, nikaugawa mteremko vipande viwili na kuviunganisha. Tundu lilibaki. Siku ya tatu nikakumbuka picha tano za Ijumaa, zilizopigwa kabla upepo haujashika kasi. Migomba ingekuwa imetulia. Zilikuwa bado kwenye kadi, sijawahi kuzifungua. Nikaziongeza, nikabonyeza, nikaenda kusimama dirishani.

Niliporudi tundu lilikuwa limeziba. Kila mgomba ulionekana, hata kamba ya nguo katikati yake. Na kando ya migomba kulikuwa na vibao viwili. Kimoja kilikuwa ukingoni mwa mfereji, bila mawe, mahali hasa ambapo namba za Mzee zilisema kiko. Cha pili kilikuwa mita tatu kutoka pale, upande wa ukuta, na mawe yake meupe. Nilielewa yote kwa mara moja. Watu wa umuganda walikuja kuzibua mfereji, wakakuta kibao kiko njiani, na kwa sababu ni watu wa heshima hawakukitupa. Walikiinua, wakakisogeza, wakakipanga vizuri, na kwa kuwa kilionekana kitu cha serikali au cha maana, wakakipamba kwa mawe. Mzee alikuwa ameniambia hivyo hivyo, siku moja kabla, akiwa amesimama juu yake.

Nilikaa nikiangalia vile vibao viwili kwa muda mrefu. Madamu alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, anaongea na mtu kuhusu stempu. Ningemwita tu. Nilichokifanya ni kuanza kutunga sentensi za kumwambia, na kila sentensi ilianza na neno "mimi". Mimi niliviacha. Mimi sikwenda kuangalia. Mimi niliandika. Nilikuwa na miezi mitano tu kazini, na sifa yangu yote ilikuwa ni akili.

Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Hamadi. Alikuwa ameleta fulana ya njano, imefuliwa na kupigwa pasi, na kopo la sambusa kutoka kwa binti yake Zulfa, fundi cherehani. Niliuficha ule ukurasa wa ramani kwa kidole kimoja, haraka, nikasimama.

"Karibu Mzee. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, mwanangu. Hizi za nyama, hizi za njegere." Aliweka kopo mezani, akabaki amesimama. "Nilitaka kuuliza kitu. Zile picha za Ijumaa, zile chache kabla ya upepo. Umeziangalia?"

"Hazikutoka, Mzee," nilisema. "Kadi iliharibika."

Aliiangalia skrini, ambayo sasa ilionyesha tu ile picha ya mlima inayokuja na kompyuta, akaniangalia mimi. "Basi," alisema. "Mungu akipenda mtapata nyingine." Akakunja fulana upya, ingawa ilikuwa imekunjwa, akaiweka kitini, akaondoka. Nilizila sambusa zile. Najiuliza kwa nini nakumbuka kila nilichokula mwaka ule, na nafikiri ni kwa sababu ndicho nilichokuwa nakifanya kinywa kilipotakiwa kusema.

Mchana huo nilizitoa picha tano kwenye ramani. Tundu nilililazimisha lizibike kwa kuiambia programu iinyooshe picha ya kando mpaka ifunike. Migomba ikawa doa la kijani lililopakwapakwa, kama mtu amefuta kwa kiganja. Mteja akaikubali. Mfereji ulichorwa na kuchimbwa na haukupita karibu na doa lile, kwa hiyo siwezi hata kusema kwamba uongo wangu ulimwangushia mtu nyumba. Ulimwangukia mtu mmoja tu. Picha za Ijumaa sikuzifuta. Nilizihamisha kwenye simu yangu, na kila nilipobadilisha simu nilizihamisha tena. Nilijiambia ni ushahidi ambao siku moja nitautumia. Miaka saba, na nyumba yake iko safari moja ya basi.

Basi, nilikwenda kwenye kilio. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa uani chini ya turubai, wanaume upande mmoja, chai ya maziwa inapita kwenye birika. Nilikaa nyuma. Wazee watatu mbele yangu walikuwa wanamzungumzia marehemu, na kama kawaida ya kilio siku ya pili, utani ulikuwa umeanza kurudi.

"Hamadi angekuwepo, viti hivi angevipima."

"Angesema, wewe sogea, umetoka kwenye mstari."

"Mungu amrehemu. Si ndiyo kazi waliyomtoa? Walisema macho."

"Macho gani wewe? Huyu alikuwa anamtungia Zulfa nyuzi kwenye sindano mpaka wiki iliyopita, bila miwani!"

"Sasa kwa nini walimtoa?"

"Nitajuaje? Walisema alikosea. Mtu hatolewi bure."

Walibishana hivyo, kwa upole, mmoja akitetea sindano, mwingine akirudia kwamba mtu hatolewi bure. Chai yangu ilipoa. Zulfa alipopita na birika nilisimama kumpa pole, nikajitambulisha kwamba nilifanya kazi na baba yake.

"Wewe ndiye Kwa Nini?" alisema. Aliweka birika chini. "Alikuwa anakutaja. Nilifikiri utakuwa mrefu zaidi."

Nilimwambia sikuja mapema, samahani. Alitikisa kichwa kama mtu ambaye hilo silo analolisubiri. "Siku aliyowapelekea sambusa alirudi hapa akakaa pale mlangoni. Akaniambia, Zulfa, macho yangu ni mazima, nimeona vibao viwili kwenye ile televisheni yao. Nikamwambia rudi ukawaambie. Akasema hapana, yule kijana anajua kuuliza, atajiuliza, atakuja. Mwaka wa kwanza, ukisikika mlango, alikuwa ananiambia angalia, labda ni yule wa kazini."

Hakusema kwa ukali. Laiti angesema kwa ukali. Nilitoa simu, nikafungua picha ya tatu kati ya zile tano. Ni picha ya kutoka juu: mabati, migomba, mfereji umejaa majani. Kuna wanawake wawili njiani na mwendesha baiskeli, na wote watatu wameinua nyuso, maana kila mtu akisikia droni anaangalia juu. Karibu yao, juu ya kibao kisicho na mawe, amesimama mtu mwenye kofia ya kufuma na fulana ya njano, na uso wake hauonekani. Zulfa aliikuza kwa vidole viwili.

"Ni Baba. Mbona yeye haangalii juu?"

"Anaangalia kiputo," nilisema. "Kiko kwenye ile fimbo. Kikiwa katikati, kipimo ni sahihi. Alipima sahihi. Mimi nilijua, na nilikuwa na picha hii, nikamwambia kadi imeharibika."

Kutoka mbele tulisikia, tena, mtu hatolewi bure. Zulfa alinirudishia simu, akainua birika lake.

"Mimi nilikuwa najua," alisema. "Waambie wale."

Nilipita kati ya viti. Yule mzee aliyekuwa anasema mtu hatolewi bure alinisogezea kiti kwa heshima, akidhani nimekuja kutafuta nafasi ya kukaa. Sikukaa. Niliwaamkia, nikasema jina langu na kazi niliyokuwa naifanya, na kwamba ile ripoti iliyosema Hamadi alikosea niliiandika mimi, nayo ilikuwa ya uongo. Mzee wa sindano alinyoosha mkono kuomba simu, akaiangalia ile picha kwa muda, akimtafuta rafiki yake kati ya mabati.

"Huyu hapa," alisema akimpa mwenzake. "Tazama alivyosimama."

Kisha akanigeukia. "Kwa nini?" aliuliza, na wote watatu wakaningoja.